Sufi Yangu na Mashua ya Bwana Shauri

Sufi ya godoro langu la harusi iliiona bahari kabla yangu. Mimi nilikuja kuiona nikiwa mama wa watoto wawili, nikaitazama kidogo, nikasema kumbe ndiyo hii. Sikuipenda. Tulikuwa na ugomvi wa zamani, mimi na bahari.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita vya pili, Mwingereza akiwa bado ametukalia. Tulikuwa tunakaa Kisarawe, si mbali na boma. Baba yangu alikuwa fundi wa magodoro, na kwa kazi hiyo hakuwa na mshindani kutoka kwetu mpaka Kibaha. Alikuwa pia mtu wa kuipenda serikali. Sisemi kuiogopa, kwa sababu hata kuku wetu waliiogopa, baba aliipenda. Asubuhi bendera ya boma ikipandishwa, yeye barazani kwake husimama wima na shazia mkononi, ile sindano yake ndefu ya kushonea magodoro, na wala hakuna aliyemwambia asimame. Tarishi wa boma, ambaye kazi yake ilikuwa kupeleka maagizo na kurudi na majibu, akipita hukaribishwa kwenye kiti. Wageni wengine walikuwa na mkeka. Mama alikuwa akisema kwamba kama serikali ingekuwa mwanamke, yeye angekuwa ameshaletewa mke mwenza.

Kwetu binti haendi kwa mumewe bila godoro. Kitanda hutoka kwa bwana harusi, godoro hutoka kwa bibi harusi. Fundi hushona, lakini sufi yenyewe huokotwa na kuchambuliwa na wanawake wa nyumba. Mwanamume haigusi kazi hiyo. Akionekana anachambua, watu watamwonea aibu mpaka azeeke. Unene wa godoro ni shubiri mbili, si moja na nusu, maana bwana harusi anatakiwa apande kitandani, asiketi tu kama aliyeketi kwenye jiwe. Halafu, siku ya kupeleka vyombo, shangazi wa bwana harusi huja kulijaribu. Hulididimiza kwa ngumi, huondoa mkono, kisha huanza kusema bismillahi. Akiimaliza na shimo bado lipo, basi sufi ni kuukuu, na habari hiyo itafika Maneromango kabla ya pilau kuiva.

Sufi yangu ilitoka kijiji cha Janga, kwenye misufi minne ambayo mama aliachiwa na baba yake. Tuliiokota misimu miwili, kwa sababu msimu wa kwanza mvua ilitutangulia. Kuichambua ni kazi ya kuadhibia watu. Upepo hautakiwi, kwa hiyo mnafunga mlango na dirisha, mnakaa kwenye joto, mnatoa mbegu moja moja, na sufi inaingia puani, inaingia kwenye uji, inaingia kwenye maneno. Mimi, mama na shangazi yangu tulipata magunia manne. Wiki nne kabla ya harusi niliwekwa ndani kama mwali, nisionwe na watu, na magunia yale manne yakawa ndiyo wenzangu wa chumbani. Nilikuwa nikiyaegemea mchana kutwa, nikihesabu siku.

Sasa, Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya yetu, alikuwa na mashua. Jambo hilo peke yake lilitosha kuwapa watu mazungumzo, kwani Kisarawe ni vilimani, na maji yetu makubwa kuliko yote yalikuwa ya kisima. Mashua ilikaa Dar es Salaam. Ilikuwa ndogo, ya tanga, yenye kijumba ndani yake cha kulala watu wanne. Kila Jumamosi Bwana Shauri aliteremka kwenda kuipanda, na Jumapili alirudi uso umemwiva. Serikali ilikuwa imempa nyumba ya vyumba sita, naye akaenda kujibana kwenye kijumba. Hatukuelewa, lakini wala hatukuulizwa.

Jumatatu moja tarishi alileta mito ya kile kijumba, minne, ya kukalia na kulalia, pamoja na turubai jipya la kijani. Mito ilikuwa imechakaa vibaya. Chumvi ilikuwa imekula kitambaa, mishono imeachia, na unene haukuzidi vidole vitatu. Mmoja ulikuwa wa pembetatu, wa kukaa kule mbele ambako mashua inachongoka. Maagizo yalikuwa mafupi: ivalishwe upya, ijazwe upya, iwe tayari Ijumaa, kwa sababu Jumamosi Bwana Shauri anampeleka baharini bwana mkubwa wake wa Dar es Salaam, pamoja na bibi wa huyo bwana mkubwa.

Baba alipiga magoti, akautia mto mmoja ngumi. Hakuwahi hata kuanza bismillahi, ngumi ilikuwa imeshagonga sakafu.

"Serikali inalalia chapati," akasema, na kwa kweli alisikitika.

Hapo ndipo kosa lilipoanzia, na lilikuwa kosa la fundi hodari. Mjinga angepima alichokiona. Baba alisema godoro lililochakaa halikuambii lilizaliwa na unene gani. Mtu mwenye cheo hawezi kuagiza godoro la vidole vitatu. Basi lilikuwa nene, likafa, na kazi ya fundi ni kulifufua. Kama mkulima wa Kisarawe analala juu ya shubiri mbili siku ya harusi yake, je, mkuu wa wilaya na mgeni wake? Shubiri mbili zilikuwa heshima ndogo kabisa ambayo mtu angeweza kuwapa. Hakuna aliyefikiri kumwuliza tarishi habari za dari la kile kijumba. Katika maisha yetu hatukuwahi kuona godoro likigombana na paa.

Tatizo lilikuwa sufi. Msimu ulikuwa umepita, na wenye maduka walikuwa wameshaiuza yote mjini. Sufi iliyobaki Kisarawe nzima ilikuwa ile niliyokuwa nimeiegemea.

Baba aliingia chumbani bila kunitazama usoni, akabeba gunia la kwanza. Akarudi, akabeba la pili. Mwali haruhusiwi kusema na wanaume siku zile, hata na baba yake, kwa hiyo nilikohoa. Alipolishika la nne nilikohoa kwa nguvu zangu zote.

"Nitakutafutia nyingine," akasema, akiliambia gunia.

Mama alirudi kutoka kisimani akakuta chumba kitupu na mimi ninalia. Sioni haya kusema kwamba nililia. Harusi ilikuwa imebakiza wiki tatu, na shangazi wa mchumba wangu nilimfahamu, na ngumi yake niliifahamu. Nilikuwa nikimwona baba akipanga kwa uangalifu mkubwa aibu yangu ndani ya turubai la kijani, na alikuwa na furaha.

Mama alisikiliza maelezo yote ya baba: Bwana Shauri, bwana mkubwa wake, jina la Kisarawe. Alipoona yamekwisha akasema, "Sawa, mume wangu. Basi iambie serikali yako imwoe binti yetu." Tangu siku hiyo akawa anampelekea baba chakula chake barazani, anakiweka karibu na kile kiti cha tarishi, ili ale pamoja na serikali.

Ndani ya ile mito ya zamani, kwa upande wake, hamkuwa na sufi. Mlikuwa na nywele nyeusi, ngumu, zilizoshikamana, zinanuka chumvi. Miaka ile palikuwa na kila aina ya uvumi juu ya Wazungu na miili ya watu, na jirani yetu alipoziona aliondoka bila kuaga. Mama alisema Wazungu hawana nywele za namna hiyo, basi ni zetu. Mpishi wa Bwana Shauri ndiye aliyekuja kututoa hofu: ni nywele za farasi. Hakuna kati yetu aliyewahi kumwona farasi, kwa kuwa mbung'o wa kwetu hawampi nafasi ya kuishi, kwa hiyo tulimwamini tu. Zilitiwa kwenye gunia, zikatupwa nyuma ya banda la kuku.

Ijumaa watu walitoka msikitini wakapitia barazani kwetu kuitazama mito. Ilikuwa imevimba vizuri, mishono imenyooka, pembe zimesimama. Mwenye duka aliipiga ngumi akasema bismillahi, na kabla hajafika katikati mto umeshainuka. Gari la boma lilikuja likaichukua bila Bwana Shauri mwenyewe kuja kuitazama. Baba alisimama wima mpaka gari likapotea.

Yaliyotokea baharini nayajua kutoka kwa mpishi, ambaye aliyasimulia katika kila nyumba iliyompa chai. Ule mto wa pembetatu ulikataa kupita mlangoni. Watu wawili waliusukuma kwa miguu mpaka ukaingia, na ukishaingia haukutoka tena safari nzima, ukakaa pale umeziba kabati la vikombe. Kisha bwana mkubwa aliketi, na kichwa chake kikapiga dari. Akainama, akaketi tena, kidevu kifuani, miguu inaning'inia. Meza iliyokuwa ya kulia chakula sasa ilimfika magotini. Bibi yake alivua kofia, halafu akatoa na vibanio vya nywele, na bado hakuenea. Mwishowe chai ilinywewa wote wakiwa wamelala, wamepangwa kama wagonjwa wa wodini, na mpishi akipitisha vikombe kwa magoti. Wimbi lilipokuja, sufi mpya ikamrusha bwana mkubwa, akaangukia sufuria ya viazi. Bibi peke yake ndiye aliyesifu. Alilala usingizi mpaka mashua iliporudi bandarini, akasema hajawahi kulala vizuri hivyo tangu aje Afrika.

Hiyo ilikuwa sufi yangu. Nilipoisikia sifa ile nilitaka kumng'ata mtu.

Jumatatu baba aliitwa boma, na mito yake ikarudishwa juu ya mikono ya matarishi wawili, njia nzima ikitazama. Bwana Shauri hakupiga kelele. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko chetu, maana yeye alikuwa amekifanyia mtihani.

"Fundi," alisema, "mito hii imenenepa kupita kiasi. Ninaomba uipunguze mpaka inchi tatu."

"Nipunguze, bwana?"

"Uipunguze."

Baba alirudi nyumbani amenywea. Maisha yake yote watu walikuwa wamemlalamikia kwamba amepunja sufi. Kwamba amezidisha, hilo lilikuwa jipya, na hakujua aliweke wapi. Alifumua mishono, akaanza kuitoa sufi kwa makonzi, na kadiri ilivyotoka ndivyo moyo wangu ulivyorudi mahali pake. Yalijaa magunia karibu matatu. Mama alimwita ndani kunywa chai, kwa mara ya kwanza baada ya wiki nzima.

Alipomaliza chai baba aliyashona magunia midomo, akatafuta mkokoteni, akayapeleka boma.

Sufi ikishaingia kwenye mto wa serikali, alieleza, ni mali ya serikali. Mtu hawezi kumwoza binti yake kwa mali ya serikali. Alieleza hivyo kwa sauti ya upole, akishangaa kwamba jambo wazi namna hiyo linahitaji maelezo. Pale boma karani hakuwa na daftari la kuandikia sufi. Alikaa nayo ofisini siku mbili, ikampa mafua, akaipeleka jela. Mwaka ule wafungwa wa Kisarawe walilala kama maharusi, na inasemekana mwizi mmoja wa mbuzi, kifungo chake kilipokwisha, aliuliza kama hawezi kuongezewa.

Mama hakugomba. Alikwenda kitandani kwa baba, akachukua mto wake wa kulalia, akaupasua kwa kisu, akaileta sufi yake chumbani kwangu. Ilijaza bakuli moja. Aliliweka bakuli hilo mahali yalipokuwa magunia manne, akatoka, na baba alilala kichwa chake juu ya mkono.

Nadhani bakuli ndilo lililomwamsha. Kwa siku mbili alikuwa akija mpaka mlangoni, analitazama, anaondoka. Siku ya tatu, kupitia ufa wa dirisha, nilimwona anakwenda nyuma ya banda la kuku na kurudi na lile gunia la nywele. Alikwenda kisimani mwenyewe. Aliziosha, akazianika kwenye mkeka, akaziosha tena, mpaka maji yakatoka meupe. Kisha akaketi barazani, mbele ya njia ya boma, mchana kweupe, akaanza kuzichambua kwa vidole.

Watu waliomfahamu walipita wakimsalimia huku wanatazama upande mwingine. Mwanamume mzima, fundi, anachambua godoro la binti yake. Hawakujua waweke wapi macho. Baba aliitika salamu zote. Tarishi alipita asikaribishwe, kwa sababu kiti kilikuwa kimetandazwa nywele. Bendera ilipandishwa asubuhi na baba hakusimama, kwa sababu mapaja yalikuwa yamejaa. Nilimtazama siku tisa kupitia ufa ule. Nilikuwa bado nimemkasirikia sana, na nilikuwa nikimwonea huruma, na vyote viwili vilikaa pamoja bila kusukumana.

Nywele zile zilizokuwa chapati, zikichambuliwa hufumuka. Baba alitandika chini nyuzi za makumbi ya nazi, juu yake akajaza nywele, akashona kwa uzi mara mbili. Godoro lilifika shubiri mbili kamili. Lile bakuli la sufi halikuhitajika.

Shangazi wa bwana harusi alikuja na wanawake sita wa kumshuhudia. Alikunja mkono wa gauni, akalididimiza godoro kwa ngumi ambayo ingeua mbuzi, akaondoa mkono. "Bismillahi," akasema, na godoro lilikuwa limeshasimama. Akalitazama kwa kutoliamini. Akajaribu kwa ngumi mbili, likamrudisha. Akajaribu kwa kiwiko, likamtupa nyuma akapokewa na wenzake.

"Sufi hii mmeitoa wapi?" akauliza.

"Ya hapa hapa nyumbani," mama akasema. Baba alikuwa ameanza kukagua paa kama linavuja.

Basi nikaolewa. Godoro lilikuwa zuri, ila siku za mvua lilinuka chumvi, na mume wangu, ambaye hakuwahi kufika pwani, alikuwa akisema anaota samaki.

Siku ya nane, fungate ikiwa imekwisha, nilikwenda kuwasalimia wazazi. Nilikuwa uani na mama tunamenya mihogo, baba yuko barazani anashona, ndipo nikaisikia sauti ya tarishi upande wa pili wa ukuta.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba."

"Bwana Shauri amenituma. Anasema ile sufi imelala, mito imekuwa chapati tena. Anasema zile nywele za zamani zilikuwa bora, na kwao ni kitu cha thamani. Anataka zote zirudi, uijaze mito kwa hizo."

Nilisikia uzi ukivutwa.

"Anasema ni mali yake, fundi," tarishi akaongeza, kwa upole. "Hata wewe unajua."

Kisu cha mama kilisimama kwenye muhogo. Mimi akilini nilikuwa nimeshauona mkokoteni mlangoni kwa mume wangu, na mume wangu ameamshwa kitandani ili serikali ichukue haki yake, na yule shangazi amesimama kando na mikono kiunoni. Nilimjua baba yangu. Mtu aliyepeleka boma magunia matatu ya sufi ambayo hakuna aliyeyaomba, atakataa vipi kinachoombwa? Nilisubiri kumsikia akiinuka.

"Mwambie Bwana Shauri," baba akasema, "nywele zile zimeshaolewa."

"Nimwambie hivyo hivyo, fundi?"

"Hivyo hivyo. Na mahari imeshaliwa."

Tarishi alikuwa mtu mwenye busara na watoto wa kulea, kwa hiyo, kama tulivyokuja kujua baadaye, alikwenda kusema kwamba zililiwa na panya. Baba hakujua hilo. Alibaki barazani anasubiri kuja kukamatwa, na nilisikia shazia ikiingia na kutoka kwenye kitambaa, polepole, bila kukosea hatua.

Mama aliacha kisu kwenye mihogo, akanawa mikono. Akaingia katika chumba changu cha zamani, akatoka na lile bakuli la sufi, akaketi karibu yangu, akaanza kumshonea baba mto.